Mshono kwenye Ukuta wa Babu

Jirani yangu hapa Babati anajenga banda la kuku. Kwa kuwa ni mtu wa kubana matumizi, hakununua saruji. Amemwaga udongo mwekundu uani kwake, akatia maji na majani makavu, akaulaza siku mbili, na leo asubuhi amekunja suruali mpaka magotini akaanza kuukanyaga. Harufu ikaruka ua ikanikuta jikoni nachambua mchele. Ni harufu ya uchachu kidogo, ya majani yaliyoanza kuoza na ardhi iliyofunuliwa, na mtu aliyewahi kuishi nayo karibu hawezi kuidhania kitu kingine. Vidole vyangu vikaanza kutafuta kitu cha kuchokonoa. Nikauacha mchele, nikaenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena, mpaka mume wangu akauliza kama kuna mgeni ninayemsubiri.

Sikuwa na mgeni. Nilikuwa nimerudi kanisani kwetu kijijini, upande ule wa Mbulu ambako baridi ya mwezi wa saba humfanya hata mchungaji afupishe mahubiri, nikiwa na miaka tisa na makalio yasiyojua kukaa.

Niwaambie mapema ili msinionee huruma isiyonistahili: nilikuwa mtoto msumbufu. Mama alisema nahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Siku za kawaida ilivumilika, kwa sababu kulikuwa na mbuzi wa kufukuza na kuni za kuokota, lakini Jumapili ilikuwa adhabu. Ibada ilianza jua likiwa limekaa juu ya mikaratusi, na ilipomalizika hata matumbo ya wazee wa kanisa yalisikika. Muda wote huo nilitakiwa kukaa juu ya benchi lisilo na egemeo, ubavuni mwa bibi yangu mzaa baba, ambaye sisi wajukuu tulimwita Ama, kwa lugha yetu ya Kiiraqw. Ama alikaa mahali pamoja miaka yote: upande wa wanawake, mwisho kabisa wa ukuta wa kaskazini, karibu na mlango mdogo anaoingilia mchungaji.

Mikono ilipofungwa, macho ndiyo yaliyotembea, na kanisa lile lilikuwa na mengi ya kutembelea. Lilijengwa na wazee wetu wenyewe, Babu akiwa kijana na Ama akiwa mke mgeni. Mmisionari alifika mara tatu tu. Mara ya kwanza alipima uwanja kwa hatua, akachora mstatili ardhini kwa fimbo, akaondoka. Huku nyuma mwinjilisti na wazee wakaugawa ule mstatili kwa njia waliyoijua, njia ya kugawana shamba la kulima pamoja. Walichukua ukanda mmoja wa ngozi ya ng'ombe, wakaunyoosha juu ya mstari, na kila ukoo ukapewa urefu wa ukanda mmoja wa ukuta, kuanzia msingi mpaka paa. Kila ukoo ulichimba msingi wake, ukasomba mawe yake, ukakanyaga udongo wake, na ukaacha nafasi ya dirisha lake.

Hakuna aliyekumbuka kupatana kuhusu madirisha. Kwa hiyo kanisa letu lilikuwa na madirisha saba na hakuna mawili yaliyolingana. Ukoo mmoja wa watu warefu waliliweka lao juu kiasi kwamba kilichoonekana ni mawingu tu. Ukoo mwingine waliliweka chini, pengine kwa kumfikiria mama yao mzee aliyependa kuona nje akiwa ameketi, na mbuzi walilipenda sana dirisha hilo. Nimemwona kwa macho yangu beberu akisikiliza Waraka kwa Warumi, akitafuna. Wanasema mmisionari aliporudi na mabati alisimama mbele ya zile kuta kimya kwa muda mrefu, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Alichofanya ni kuagiza magogo marefu ya mwerezi yalazwe juu ya kuta pande zote ili paa lipate pa kukaa sawa. Mara ya tatu alikuja kulifungua.

Sakafu nayo haikupimwa na mtu. Gololi yangu iliwahi kunidondoka karibu na mimbari wakati wa sala ya toba, ikateremka polepole kati ya wanaume na wanawake, kanisa zima likiisikiliza macho yamefumbwa, mpaka ilipogonga mlango mkubwa. Ama alinifinya paja, na alama ya mfinyo ule ilikaa mpaka Jumatano.

Kwa vile kila kipande kilikuwa na wenyewe, uliweza kuwasoma watu ukutani. Watu wa haraka walitumia mawe makubwa na udongo mwingi. Watu wa taratibu walipanga vijiwe vidogo hata pasipokuwa na haja. Lakini pale kipande kilipokutana na kipande, mawe yaliumana: jiwe la huyu liliingia kwa yule, na la yule likaingia kwa huyu, hata kama wenyewe walikuwa wamegombania mpaka wa shamba wiki ile ile. Ilikuwa hivyo kuzunguka kanisa lote, isipokuwa mahali pamoja tu, na mahali hapo palikuwa petu.

Kipande cha Babu kilianzia kwenye mlango wa mchungaji na kuishia kwenye kipande cha ukoo wa Boay. Palipokutana hivyo viwili kulikuwa na mshono mmoja, umenyooka toka sakafuni hadi kwenye gogo la paa. Upande wa akina Boay mawe yalikuwa ya kijivu, kama ya kanisa lote. Upande wetu yalikuwa meusi yenye wekundu. Hakuna jiwe hata moja lililovuka. Watoto wenzangu walisema ukuta wa kwetu umewanunia wenzake. Watu wazima walilisema kwa adabu zaidi, kwamba marehemu babu yangu alikuwa mcha Mungu ila hakuwa fundi. Niliona aibu, tena aibu ya hasira, maana Babu alifariki kabla sijazaliwa na sikuwa na la kumtetea.

Na kwa kuwa benchi la Ama liligusana na mshono huo, ndipo vidole vyangu vilipopata kazi. Nilianza kwa kucha. Udongo uliojaza mshono ulikuwa mkavu, unamomonyoka vizuri, na ukiuweka ulimini una ladha. Baadaye nikapata kijiti, na baadaye zaidi msumari niliouokota uwanja wa shule. Kila Jumapili nilichimba kidogo. Cha ajabu ni kwamba Ama, aliyeweza kunifinya kwa kukohoa tu, hakuwahi kunikataza. Alikung'uta vumbi lililodondokea shuka lake akaendelea kuimba.

Mwaka ule masika yalikuwa mazito. Njia zilikatika, na mteremko ulio nyuma ya kanisa ukawa unatoa maji siku nzima. Jumapili moja, katikati ya maombi, nilisukuma msumari na haukukutana na kitu. Nilipouchomoa, upepo wa baridi ulinipiga jichoni. Nikachungulia, nikaona mahindi ya mchungaji, mabichi kabisa, yanatikisika nje.

Nilikuwa nimetoboa nyumba ya Mungu.

Jumapili iliyofuata kidole kizima kilipita. Wiki mbili baadaye, kiganja. Magogo ya paa upande ule yalianza kulia upepo ukivuma, na akina mama wakawa wanahamia mabenchi ya kusini mmoja mmoja, mpaka tukabaki mimi na Ama. Yeye hakuhama. Darasa la tatu tulikuwa tumefundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi si kwamba sikuziba, bali niliuchimba kwa msumari! Nikawa siwezi kula. Kila nikitoka shule nililizunguka kanisa mara tatu, mara nne, napima mwanya kwa vidole, nasali usiongezeke, na kesho yake nakuta umeongezeka. Niliutupa ule msumari kwenye shimo la choo cha shule. Haikusaidia kitu.

Wazee wa kanisa wakamwita fundi Ramadhani kutoka Katesh. Alikuwa Muislamu wa ukoo wa wafanyabiashara, aliyekataa duka la baba yake akachagua mwiko na timazi, na alikuwa amesimamisha nusu ya kuta zinazoheshimika upande wa Hanang. Alipoulizwa kwa utani kama kanisa halitamshinda, alijibu kwamba ukuta hauna dini, una uzito. Alinyoosha timazi, akaingiza mkono mwanyani mpaka kwenye kiwiko, akakaa hivyo akitafakari. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mwerezi.

"Wazee, huu siyo ufa," alisema. "Ufa hauna adabu, unapita popote. Huu umenyooka. Aliyejenga hapa alifanya kusudi."

Kisha akaeleza, na nikiwa mtoto nilimwelewa vizuri kabisa. Ardhi ya mteremkoni ilikuwa imelowa, kipande cha Babu kilikuwa kinaanza kulala, na kwa kuwa hakikushikwa na jirani yake kilikuwa kinakwenda peke yake. Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuchimba mfereji wa maji, kujaza mwanya na kupaka saruji juu, kazi ya siku moja, na ukuta ungekaa miaka kadhaa. Ya pili ni kuegemeza paa kwa miti, kubomoa kipande chote cha Babu pamoja na ukingo wa kipande cha akina Boay, upana wa mkono mzima, na kujenga upya mawe yakiumana. Hiyo ilikuwa kazi ya wiki nyingi na ya kijiji kizima, tena msimu wa palizi.

Jumapili baada ya ibada watu walibaki ndani kuamua. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa alikuwa Mzee Boay mwenyewe, mtu mrefu na mpole aliyezoea kuinama milangoni, ambaye mwaka ule alikuwa amepata mjukuu wake wa kwanza. Alizungumza vizuri. Alisema kipande kile ni kumbukumbu ya mtu aliyeheshimika, wala si vyema kubomoa kazi ya marehemu mbele ya mjane wake. Tukipake saruji, alisema, tukihifadhi kama kilivyo. Akamalizia, "Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta." Kanisa likaitikia kwa kuguna. Mimi nikashusha pumzi kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, maana siku moja tu ya saruji na kosa langu lingefunikwa.

Ama akasimama. Wanawake wa rika lake hawakuwa wasemaji wa vikao, na alipoinuka baadhi ya watu walifikiri anatoka nje kujisaidia.

"Mimi hicho ndicho ninachotaka," alisema. "Tujenge ukuta."

Mzee Boay alidhani Ama hakusikia vizuri, akaeleza tena kwa sauti ya juu zaidi, kama tunavyowafanyia wazee. Ama akamsubiri amalize.

"Nimesikia. Bomoeni."

Baba yangu aliinamisha kichwa. Minong'ono ilianza. Mjane gani anataka kazi ya mumewe ivunjwe wakati wenzake wanaitunza? Na akina Boay wamekosa nini hata wavunjiwe ukingo wao mzima? Mama mmoja nyuma yangu alisema uzee umeanza kumwingia. Ama hakutoa sababu yoyote. Alikaa, akavuta shuka lake, na kikao kikapitisha saruji. Fundi angekuja Jumanne. Tulirudi nyumbani kwa mstari mrefu, na mimi nilimkasirikia Ama kwa sababu alikuwa karibu kuniharibia wokovu wangu.

Lakini siri ikikaa tumboni inachacha. Jumatatu jioni nilimkuta Ama nyuma ya zizi anapembua maharage. Niliketi, nikasimama, nikaketi tena, kisha nikatapika yote: kucha, kijiti, msumari, mahindi ya mchungaji.

Ama alicheka mpaka ungo ukayumba. "Kwa vikucha hivyo?" Alinishika mkono akaugeuzageuza, akionyesha kusikitikia udogo wake. "Mimi nimechimba pale kabla baba yako hajaota meno. Nilikuwa natumia pini ya shuka."

Nilipouliza alichimba kwa nini, aliendelea kupembua.

"Nilitaka kuona kama kuna mtu upande wa pili," alisema.

Nilidhani anasema nje, kwenye mahindi. Nilifurahi tu kwamba si mimi niliyebomoa kanisa, nikakimbia kucheza.

Jumanne asubuhi hatukuwa na shule. Fundi Ramadhani alifika na mifuko yake ya saruji juu ya punda, akachanganya, akaingia ndani na karai. Akamkuta Ama amesimama, mgongo ameubana kwenye mshono, mikono ameifumbata kifuani. Fundi alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, na hakuna kilichosogea. Akambembeleza. Akatania kwamba atampaka na yeye. Saruji inaanza kukauka kwenye karai, fundi anatoka na kuingia, wazee wanaitwa, mimi naruka kutoka dirisha la mbuzi hadi mlangoni na kurudi kwa sababu miguu ilikataa kusimama. Mwishowe Mzee Boay akaletwa kutoka shambani, jembe bado begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo, Boay. Mjukuu anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri. Ameanza kukaa."

"Vizuri. Mama yako na mimi tulijifungua masika moja, mwaka wa kujenga hapa. Alikuambia?"

Mzee Boay alisema hapana, hakumwambia.

"Wewe ulikaa. Wangu alikaa wiki tatu." Alisema bila kupandisha wala kushusha sauti. "Nyumba yangu ikawa ya metimani."

Neno hilo wazee wote walilijua, na niliona nyuso zao zikibadilika. Kwa ninyi msiolijua: kwetu zamani nyumba iliyopatwa na msiba wa namna ile ilitengwa kwa miezi mingi. Watu wake hawakupita njia ya wengine, hawakuchota maji kisima kimoja na wengine, hawakushikana mikono na mtu, ili balaa lisivuke kwenda nyumba nyingine, hasa nyumba yenye mtoto mchanga. Hawakuchukiwa. Walitengwa tu, na wao wenyewe walijitenga.

Ama aliendelea. Alisema mwinjilisti aliwaambia wajenge na wenzao, Kristo ameshaondoa mambo hayo. Babu akajibu kwamba Kristo anamwamini, lakini mtoto wa jirani ana mwezi mmoja, naye hawezi kumfanyia majaribio. Kwa hiyo hakuchimba mawe kule walikochimba wenzake. Alisomba ya kwake korongoni, ng'ambo ya pili. Alikuja ukutani wenzake wakienda kula na kuondoka wakirudi. Na alipofika mpakani na baba yake Boay, akachonga kila jiwe lake liishie pale pale, likabaki nafasi ya kidole kimoja juu hadi chini. Miezi ilipokwisha akajaza udongo.

"Haikuwa kwamba hajui kujenga," alisema Ama. "Aliacha nafasi hii kwa ajili yako."

Mzee Boay alikuwa ameshusha jembe.

"Alifanya vizuri. Ulikua. Sasa una mjukuu, na kilichoogopwa kuvuka hakikuvuka." Hapo sauti ya Ama ilikwaruza kwa mara ya kwanza. "Lakini ninyi mnataka kupaka juu, na ndani pabaki vile vile. Mimi nimekaa kando ya nafasi hii kila Jumapili, Boay. Naomba mawe ya mume wangu yaguswe."

Nilikuwa najikuna, nasimama mguu mmoja, nataka mtu yeyote aseme kitu chochote. Fundi Ramadhani alitazama karai lake, akalitoa nje taratibu.

Ndipo Mzee Boay akauliza, "Mama, aliitwa nani?"

Baadaye baba aliniambia kwamba hata yeye, mwana wake wa kumzaa, hakuwa amewahi kulisikia jina lile wala kuuliza kama lilikuwepo.

"Tluway," alisema Ama, jina ambalo kwa Kiiraqw maana yake ni mvua. "Mvua ilikuwa inanyesha."

Mzee Boay akamwomba fundi mtaimbo. Ama akasogea hatua moja, na yule mtu mrefu akauchomeka mtaimbo, si kwenye kipande chetu, bali kwenye ukingo wa baba yake mwenyewe. Jiwe la kwanza lilikuwa la kijivu. Alilitoa kwa mikono miwili, akaliweka miguuni pa Ama.

Ujenzi ulichukua wiki tano na palizi ikachelewa kijiji kizima. Paa liliegemezwa kwa mikaratusi kumi na sita, na kwa wiki hizo mchungaji alihubiri akitazama juu mara kwa mara. Fundi Ramadhani alichagua mawe marefu ya kufungia, meusi mengine na ya kijivu mengine, akayalaza moja baada ya jingine kuvuka mahali palipokuwa na mshono. Udongo ulikanyagwa na kila aliyekuwa na miguu, mimi nikiwa wa kwanza, maana hiyo ilikuwa kazi pekee ya kanisa iliyohitaji mtu asiyetulia. Ama alikuja kila siku. Hakubeba jiwe, magoti hayakumruhusu. Alikaa njiani wanapopita wanawake na mawe kichwani, na kila aliyemsalimia alimwambia jambo lile lile: kwamba alikuwa na mtoto anaitwa Tluway, mkubwa kwa baba yangu, rika moja na Boay. Aliwaambia asubuhi, akawaambia tena mchana wakirudi. Wao walituliza mizigo kichwani wakamsikiliza. Mimi niliona haya. Nilimvuta shuka nikamwambia, Ama, umeshawaambia, wanajua. Alinitazama kama mtu anayetazama kitu kilicho mbali, akamgeukia mwingine aliyekuwa anapita.

Yule mtoto wa miaka tisa alielewa kwamba ukuta umepona na kwamba bibi yake amezeeka. Niliishi na maelezo hayo kwa miaka mingi, hata baada ya Ama kulazwa chini ya mwerezi nyuma ya kanisa.

Kisha nikaolewa, nikahamia Babati, nikajifungua mtoto wa kike aliyeishi siku mbili. Siku hizi hakuna anayemtenga mtu. Nyumba ilijaa kabla sijafika kutoka hospitali. Walipika, walifua, waliimba, walinishika mikono mpaka nikachoka kushikwa, na wote, kwa upendo kabisa, waliniambia nisilie, Mungu atanipa mwingine. Nilizunguka ndani ya nyumba yangu mwenyewe kutoka chumba hadi chumba, siwezi kukaa, siwezi kulala, na sikujua ninachotafuta ni nini. Siku ya nne alikuja Mama Zuhura, muuza vitenge wa sokoni ambaye tulikuwa tunasalimiana tu. Aliketi kitandani kwangu bila kukaribishwa, ameshika kikombe cha uji, akauliza, "Mlimwita nani?"

Nikaketi. Hapo ndipo nilipomwelewa Ama.

"Elizabeti," nilisema. Kisha nikasema tena, na tena, nikamweleza nywele zake zilivyokuwa na jinsi alivyokunja mkono, uji ukipoa mkononi mwa yule mama, naye hakuniambia kwamba ameshasikia.